Gawio Ndani ya Akaunti ya Kustaafu: Asilimia Inayosifiwa Kuliko Kazi Yake

Wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana mliotoka kazini moja kwa moja mkaja na sare zenu, na mnaotufuatilia kwa simu, hamjambo.

Mazungumzo ya leo ni ya namba moja tu. Ukifungua akaunti yako ya kustaafu hapa Marekani, iwe 401(k) ya kazini au IRA uliyojifungulia mwenyewe, kila mfuko uliomo una ukurasa wake, na katika ukurasa huo kuna asilimia imeandikwa kando ya neno "yield", yaani asilimia ya gawio. Mfuko huu asilimia 1.3, ule 3.9, mwingine 11. Mtu aliyezoea kuuliza benki "mnanipa asilimia ngapi kwa mwaka?" ataona jibu liko wazi: achague 11. Swali hilo linafaa benki. Kwenye mfuko wa pamoja linapotosha, na ndani ya akaunti ya kustaafu linapotosha zaidi.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Nitasema "vipande", kama wanavyosema wateja wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya pamoja kule Tanzania, kwa maana ya sehemu unazomiliki ndani ya mfuko. Mfuko unachukua michango ya watu wengi, unanunua hisa za kampuni au hatifungani (hati za mikopo ya serikali na kampuni), na kila siku, baada ya soko la New York kufungwa saa kumi jioni, unajumlisha thamani ya kila kilichomo, unatoa madeni, unagawanya kwa idadi ya vipande. Hiyo ndiyo bei ya kipande. Hutokea mara moja kwa siku, kwa hiyo anayechungulia simu saa nne asubuhi anaangalia bei ya jana.

Kampuni zilizomo hulipa gawio, yaani sehemu ya faida yao, na hatifungani hulipa riba. Fedha hizo zinaingia mfukoni, ada ya uendeshaji inakatwa, kinachosalia kinagawiwa kwa wenye vipande. Na kinachogawiwa huitwa gawio hata kama chanzo chake chote ni riba. Ndugu zetu Waislamu mnaokwepa riba, msidanganyike na jina: "gawio" la mfuko wa hatifungani, au la ule mfuko wa soko la fedha ambao kipande chake hukusudiwa kubaki dola 1, ni riba iliyovaa kanzu nyingine. Angalia mfuko umenunua nini. Ipo mifuko iliyoundwa kwa ajili hiyo. Amana Income Fund, kwa mfano, ipo tangu 1986, na jina lake halihitaji mkalimani.

Kwa nini mfuko usibaki na fedha hizo ndani ukazikuza tu? Kule nyumbani inawezekana: Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS haugawi, faida inabaki ndani ya bei ya kipande, na Mfuko wa Jikimu unagawa. Marekani sheria ya kodi inausukuma mfuko ugawe. Ili mfuko wenyewe usitozwe kodi kama kampuni, lazima ugawe angalau asilimia 90 ya mapato yake ya mwaka. Na usipofikisha asilimia 98 ya mapato ya kawaida na asilimia 98.2 ya faida ya mauzo ya hisa kabla mwaka haujaisha, unatozwa kodi ya adhabu ya asilimia 4 kwa kilichobakizwa. Ndiyo maana Desemba ni mwezi wa magawio makubwa. Meneja anafunga hesabu za kodi. Ukarimu wa sikukuu haumo.

Sasa asilimia yenyewe. Chukua mfuko ambao kipande chake leo ni dola 40. Katika miezi 12 iliyopita ulilipa kwa kila kipande dola 0.28 Machi, 0.30 Juni, 0.29 Septemba na 0.33 Desemba. Jumla dola 1.20. Gawanya kwa 40, unapata asilimia 3. Basi, hesabu imeisha. Ni ya darasa la sita, lakini tazama inavyoweza kucheza. Bei ya kipande ikiporomoka hadi dola 30, asilimia inapanda hadi 4 na hakuna aliyekuongezea senti. Bei ikipanda hadi 48, inashuka hadi 2.5 na hakuna aliyekunyang'anya. Juu ya mstari wa kugawanya ni malipo ya nyuma, chini yake ni bei ya leo, na kinachobadilika kila siku ni cha chini.

Kuna tovuti zinazochanganya mambo zaidi. Zinajumlisha pia mgao wa faida ya mauzo, yaani fedha ambazo meneja alipata kwa kuuza hisa zilizopanda. Mfuko wetu ukigawa dola 2 za namna hiyo Desemba, tovuti itaandika 3.20 kwa 40, asilimia 8. Mwaka ujao meneja hakuuza kitu, asilimia inarudi 3, na mtu analalamika kwamba mfuko "umeacha kulipa". Ingia kwenye historia ya mgao ya mfuko, safu ya gawio na safu ya faida ya mauzo ziko mbalimbali. Jumlisha ya kwanza peke yake.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu nusu ya hofu na nusu ya tamaa zote hutoka hapa. Siku ya gawio, bei ya kipande inashuka kwa kiasi kile kile kilichogawiwa. Tuseme una vipande 500 kwa dola 40. Una dola 20,000. Mfuko unatangaza dola 0.30 kwa kipande. Jioni hiyo, kama soko halikusogea, kipande ni dola 39.70. Umelipwa dola 150. Ikiwa akaunti imepangwa kuwekeza tena, hizo 150 zinanunua vipande kwa 39.70, ambavyo ni vipande 3.778. Sasa una vipande 503.778 kwa 39.70. Zidisha. Dola 20,000. Ulikuwa na ngapi asubuhi?

Wengi wetu tumekulia penye minazi, na tunalifikiria gawio kama dafu: unaangua, unakunywa, mnazi umesimama vile vile. Mfano huo si sahihi. Gawio ni kama kuchota pishi ya mchele kutoka gunia lako. Ukilirudisha, gunia liko pale pale. Ukilipika, gunia limepungua pishi moja. Kinacholijaza gunia ni faida ya kampuni zilizomo, nayo huingia ama zimelipa gawio ama hazikulipa. Kampuni isiyolipa inabakiza faida ndani, inanunua mashine, inalipa deni, au inanunua hisa zake yenyewe, na thamani inaonekana kwenye bei. Ndiyo maana mifuko ya kampuni kubwa za Marekani inayofuata faharasa (kipimo cha soko) ya S&P 500, ambayo kwa miaka ya karibuni asilimia yake ya gawio imekuwa baina ya 1 na 2, haiwezi kuitwa mibovu kwa sababu ya udogo wa namba hiyo. Linganisha jumla ya faida: gawio pamoja na mabadiliko ya bei, vyote viwili, kwa miaka mitano, kumi. Na uangalie mchoro sahihi. Mchoro wa bei peke yake hauhesabu magawio, kwa hiyo mfuko wa hatifungani uliowalipa watu vizuri miaka yote utaonekana umelala. Tafuta mchoro unaoonyesha dola 10,000 zilizowekezwa zimekuwa ngapi.

Mfano ulio wazi ulitokea Desemba 2021. Kampuni ya mifuko ya Vanguard ilikuwa na mifuko ya mwaka wa kustaafu, yaani inayopangwa kwa kufuata mwaka unaotarajia kustaafu, ya aina mbili, ya wawekezaji wa kawaida na ya taasisi. Desemba 2020 kiwango cha chini cha kuingia ile ya taasisi kilishushwa kutoka dola milioni 100 hadi milioni 5. Mipango mingi ya kazini ikahama kwenda kwenye ada nafuu, mfuko wa kawaida ukalazimika kuuza mali ili kuwalipa waliohama, na faida ya mauzo hayo ikagawiwa kwa waliobaki. Bei za vipande zikadondoka kwa siku moja, kwa mgao. Aliyekuwa ameshika mfuko huo kwenye akaunti ya kawaida, isiyo ya kustaafu, alipata bili ya kodi ambayo hakuitarajia. Shauri hilo liliishia Januari 2025 kwa malipo ya zaidi ya dola milioni 100 chini ya SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji. Aliyekuwa na mfuko ule ule ndani ya IRA hakulipa chochote. Aliona bei imeanguka, vipande vimeongezeka, salio lile lile. Aliyeuza kwa hofu siku hiyo alikimbia kivuli.

Na hofu hiyo ina sababu ya kimitambo. Bei mpya huingizwa kwenye mfumo jioni. Vipande vipya mara nyingi huandikwa usiku au kesho yake. Katikati, simu inaonyesha bei ya chini na vipande vya zamani, kana kwamba mtu amekwiba. Lala, uangalie kesho kutwa.

Kuna kosa jingine la simu ambalo limewatoa watu kwenye mifuko mizuri: ile safu iliyoandikwa "Gain/Loss". Tuseme uliweka dola 10,000 miaka mitano iliyopita na hukuongeza. Magawio ya jumla ya dola 1,500 yamewekezwa tena. Mfumo unahesabu kila gawio lililowekezwa kama ununuzi mpya, kwa hiyo unaandika kwamba umenunua vipande vya dola 11,500. Salio leo ni 11,300. Safu inang'aa nyekundu: hasara, dola 200. Lakini mfukoni mwako zilitoka 10,000 na sasa una 11,300. Una faida ya 1,300. Namba nyekundu ilikusudiwa hesabu za kodi za akaunti ya kawaida. Ndani ya IRA haina kazi yoyote. Unachotaka ni salio la leo kutoa michango yako halisi, au ukurasa wa utendaji unaoandika faida binafsi kwa asilimia.

Kodi sasa, nayo ndiyo sababu ya kuitenga akaunti ya kustaafu na nyingine. Katika akaunti ya kawaida gawio hukatwa kodi mwaka ule ule, hata kama uliliwekeza tena. Lililotimiza masharti hutozwa asilimia 0, 15 au 20 kulingana na kipato, na riba hutozwa kama mshahara. Ndani ya IRA au 401(k) hakuna kodi ya mwaka. Gawio likiingia, hutapata fomu 1099-DIV, ile ya taarifa ya magawio, na hupaswi kuliandika popote kwenye fomu 1040, ile ya kodi ya mwaka. Wapo wanaoona magawio kwenye taarifa ya Desemba wakayaandika, wakalipa kodi ambayo haipo. Na baadhi ya waandaaji wa kodi wa msimu hawaulizi. Fomu inayokuhusu ni 1099-R, nayo huja pale unapotoa fedha.

Unapotoa, akaunti ya jadi, ile ambayo michango yake haikukatwa kodi mwanzoni, hutozwa kodi kama mshahara kwa kiasi chote, haijalishi kilikuwa gawio, riba au kupanda kwa bei. Chini ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida unaongezewa asilimia 10 ya adhabu. Roth, ile unayochangia fedha zilizokwisha kutozwa kodi, ukishafika umri huo na miaka mitano kupita tangu uanze, hutoka bila kodi. Sasa jiulize: kama mwishoni kila senti inatozwa sawasawa, kuna sababu gani ya kulipendelea gawio kuliko kupanda kwa bei? Kikodi, hakuna. Sababu inayobaki ni ya upande wa pili: kama una akaunti zote mbili, vile vinavyotoa fedha nyingi za kutozwa kama mshahara, yaani mifuko ya hatifungani na mifuko ya majengo ya kupangisha, ni bora vikae ndani ya akaunti ya kustaafu, na mfuko wa hisa wa gawio dogo ukae nje. Mifuko ya hisa za nchi za nje ina kasoro ndogo ndani ya IRA: nchi zile hukata kodi kwenye gawio kabla halijafika, na nafuu ambayo ungeidai kwenye 1040 haipatikani kwa mali iliyomo humo.

Swali linalorudi kila mara: gawio linahesabiwa kwenye kikomo cha mchango? Hapana. Kwa mwaka 2025 kikomo cha IRA kilikuwa dola 7,000, na 8,000 kwa aliyefika miaka 50. Gawio lililozaliwa ndani ya akaunti na kuwekezwa humo humo halimo kwenye hesabu hiyo, liwe dola 10 au 10,000. Ukiliruhusu lije kwenye akaunti yako ya benki, hilo ni jambo jingine kabisa: umetoa fedha, kodi na labda adhabu vinakufuata. Unapochagua gawio lilipwe taslimu, hakikisha "taslimu" maana yake ni pochi ya ndani ya IRA yenyewe. Na uikumbuke pochi hiyo. Tumeona taarifa za akaunti ambamo magawio ya miaka yamerundikana pale, hayajanunua kitu, kwa sababu kisanduku cha kuwekeza tena hakikuwekwa alama siku akaunti ilipofunguliwa, au akaunti ilipohamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Kuhamisha hurudisha mipangilio ya mwanzo mara nyingi. Dakika mbili za kuangalia.

Wengine hapa mtasema, mimi nina 401(k) miaka sita na sijawahi kuona gawio hata moja. Inawezekana kabisa, na hujaibiwa. Mipango mingi ya kazini haitumii mfuko wa pamoja uliosajiliwa SEC. Inatumia amana za uwekezaji wa pamoja zinazoendeshwa na benki au kampuni za udhamini. Jina linafanana na la mfuko maarufu, lakini hakuna herufi tano za utambulisho na huipati kwenye tovuti za bei. Hizi kwa kawaida hazigawi kitu: hufanya kama Mfuko wa Umoja, gawio linaingia ndani ya bei ya kipande. Kwa hiyo kipande chake kitaonekana kinapanda haraka kuliko kile cha mfuko ndugu, na asilimia ya gawio itakuwa sifuri au nafasi tupu. Linganisha jumla ya faida na ada, utakuta ni mapacha.

Turudi kwenye ile asilimia 11 tuliyoiacha mlangoni. Hutoka wapi? Mara nyingine mfuko unamiliki hisa, kisha unawauzia watu wengine haki ya kuzinunua kwa bei iliyopangwa. Fedha za kuuza haki hiyo ndizo zinazokuja kwako kila mwezi. Hisa zikiruka, faida yako inaishia kwenye bei iliyopangwa. Zikianguka, unaanguka nazo karibu mzigo wote. Mara nyingine ni hatifungani za kampuni zenye madeni mabaya. Na mara nyingine mfuko unakurudishia mtaji wako mwenyewe. Hii ya mwisho tuipige hesabu. Kipande kinaanza dola 10, mfuko umeahidi dola 1.10 kwa mwaka, na mali zilizomo zinazalisha asilimia 4 tu. Mwaka wa kwanza: 10 jumlisha 0.40 toa 1.10, inabaki 9.30. Wa pili: 8.57. Wa tatu: 7.81. Sasa gawanya 1.10 kwa 7.81: asilimia 14. Mfuko unakonda na asilimia inanenepa. Anayepanga orodha ya mifuko kwa asilimia ya gawio, kutoka juu kwenda chini, atakutana na wagonjwa kwanza. Mgao unapotoka kwenye chanzo kisicho mapato, mfuko unawajibika kukutumia taarifa inayoonyesha sehemu ipi ni mapato, ipi faida ya mauzo, ipi mtaji. Huja kwa barua pepe yenye kichwa cha kuchosha, na hufutwa bila kusomwa.

Wapo pia wanaogawanya gawio kwa bei waliyonunulia. "Mimi nilinunua dola 24, nalipwa 1.20, kwa hiyo napata asilimia 5." Hongera, ila uamuzi wa leo unahusu dola 40 zilizopo leo, na zinalipa 3.

Asilimia hii ina mahali pake pa heshima, napo ni kwenye hatifungani. Huko mapato ndiyo faida yenyewe kwa sehemu kubwa. Tumia kiwango cha SEC cha siku 30 badala ya kile cha miezi 12 iliyopita. Cha miezi 12 kinatazama nyuma. Riba zikipanda ghafla, kinachelewa miezi kadhaa. Cha SEC hupigwa kwa kanuni moja kwa mifuko yote, kwa kutumia mapato ambayo hatifungani zilizomo zingeleta zikishikwa hadi zilipwe, ada ikiwa imeshakatwa. Kisome pamoja na duresheni, namba ya miaka inayopima bei inavyoyumba riba zinapobadilika. Duresheni ya miaka 6 maana yake riba zikipanda kwa asilimia 1, tuseme kutoka 4 hadi 5, bei hushuka kama asilimia 6. Mwaka 2022 ndivyo ilivyokuwa: faharasa kuu ya hatifungani za Marekani ilipoteza kama asilimia 13 huku magawio yakilipwa kila mwezi bila kukosa. Aliyeangalia gawio peke yake hakuelewa kimempata nini.

Na ada. Ada ya mwaka hukatwa kwenye mapato kabla gawio halijatangazwa, kwa hiyo ndiyo hulamba sahani kwanza. Hisa zile zile zikizalisha asilimia 1.40, mfuko wa ada ya 0.04 utagawa 1.36, wa ada ya 0.90 utagawa 0.50. Ukiona mifuko miwili yenye mali zinazofanana na mmoja una gawio dogo, usiende mbali kutafuta sababu.

Kwa ndugu wanaofikiria kurudi nyumbani: Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi wala Kongo. Asiye raia na asiyehesabika tena mkazi wa kikodi, anapotoa fedha za IRA akiwa huko, kwa kawaida hukatwa asilimia 30 papo hapo. Ndani ya akaunti gawio linaendelea kuwekezwa bila kukatwa. Mkato unasubiri mlangoni. Mipango ya kutoa ifanywe kabla ya kufunga masanduku, na mtu wa kodi anayejua mambo ya wasio wakazi.

Mwisho, wazee. Ukifika miaka 73 (waliozaliwa 1960 na baada, 75), akaunti ya jadi inakulazimisha utoe kiasi kila mwaka. Chukua salio la tarehe 31 Desemba ya mwaka uliopita, gawanya kwa namba ya jedwali la IRS, mamlaka ya kodi. Kwa miaka 73 ni 26.5, kwa 80 ni 20.2, kwa 85 ni 16.0. Mwenye dola 200,000 akiwa na 73 anatakiwa kutoa dola 7,547. Kama mifuko yake inagawa asilimia 2, magawio ni 4,000. Zinazobaki, 3,547, lazima auze vipande, na hakuna aibu wala mkosi katika kuuza. Ni pishi lile lile kutoka gunia lile lile. Akifika 85 anatakiwa kutoa zaidi ya asilimia 6, na kuhamia mifuko ya gawio la asilimia 6 ili "asiguse mtaji" ni kuchagua wagonjwa tuliowataja. Roth IRA ya mwenyewe haina sharti hili akiwa hai.

Namna nyepesi ya kufanya: mwezi Januari, zima mpangilio wa kuwekeza tena kwenye mifuko ya hatifungani na hisa, acha magawio ya Machi, Juni na Septemba yajikusanye kwenye pochi ya ndani. Badiliko hilo lazima lifanywe kabla ya siku ya gawio. Ukibadili siku hiyo jioni, lile limeshanunua vipande. Mwezi Novemba hesabu pungufu, uza vipande vya kiasi hicho, fedha zinakuwa tayari siku moja ya kazi baadaye, kisha ziagize ziende benki. Msisubiri gawio la Desemba lijaze pengo. Mifuko mingi ya mwaka wa kustaafu hugawa mara moja tu, siku za mwisho za Desemba, na fedha zikichelewa kutoka hata kwa siku mbili, kiasi kilichokosekana kina adhabu ya asilimia 25, inayopungua hadi 10 ukirekebisha ndani ya miaka miwili.

Tuanze na maswali. Mama aliyeinua mkono kule nyuma, karibu.